Haki ya Karatasi Haimlindi Mnyonge

Ndugu wanachama, katika mikutano yetu wako vijana wasemao: "Laiti tungechukua sheria za Marekani! Kule mtu hafungwi mpaka ahukumiwe na wenzake 12." Wako na wengine wajibuo kwamba mahakama za Marekani ni hila tupu za matajiri. Mimi nasema wote wawili wametazama upande mmoja wa shilingi. Sheria ile ina maneno mema sana. Lakini neno jema katika karatasi halimlindi mnyonge mpaka mnyonge mwenyewe awe na nguvu ya kulidai.

Kwanza tuielewe nyumba yenyewe. Marekani ni shirikisho la majimbo 50. Kila jimbo lina sheria yake ya jinai, mahakama zake na magereza yake, na kesi nyingi mno za wizi, ugomvi na mauaji huamuliwa huko. Juu ya hayo iko serikali ya shirikisho yenye mahakama zake, na juu ya zote iko Mahakama ya Juu yenye majaji 9, wanaoteuliwa na Rais kwa kibali cha Baraza la Seneti na kukaa kitini maisha yao yote. Tangu 1791 Katiba yao imeahidi kwamba mshitakiwa wa jinai atahukumiwa na juri, yaani raia wa kawaida. Atakuwa na wakili. Hatalazimishwa kujishuhudia mwenyewe. Wala hatashitakiwa mara mbili kwa kosa lile lile.

Sasa tutazame ahadi hizo zilivyomfikia mtu mweusi. Mwaka 1931 vijana 9 weusi walishushwa kutoka garimoshi katika jimbo la Alabama, wakasingiziwa kuwanajisi wanawake wawili wa Kizungu. Katika mji wa Scottsboro, kwa siku chache tu, 8 kati yao walihukumiwa kufa. Mawakili waliopewa hawakupata nafasi ya kuitayarisha kesi, na katika juri hapakuwa na mweusi hata mmoja. Kesi ya ngedere hakimu nyani! Vyama vya Weusi na vya wafanyakazi vikapiga kelele, vikachanga fedha, vikaandamana Marekani na Ulaya. Mwaka 1932 Mahakama ya Juu ikasema vijana wale walinyimwa haki ya wakili. Mwaka 1935 ikasema kuwafungia Weusi nje ya juri ni kuvunja Katiba. Hakuna aliyenyongwa, ingawa wengine walikaa gerezani miaka mingi.

Je, shauri likaisha? Hata kidogo. Agosti 1955, Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, aliuawa katika jimbo la Mississippi. Wazungu wawili wakashitakiwa. Juri ya wanaume 12, Wazungu watupu, ikawaachia baada ya kama saa moja ya mashauri. Januari 1956 watu wale wale wakaeleza katika gazeti, kwa malipo, jinsi walivyomwua. Hawakuguswa, maana sheria inakataza kumshitaki mtu mara mbili. Kinga iliyowekwa kumlinda raia ikawalinda wauaji.

Kwa nini juri ile ilikuwa ya Wazungu watupu wakati uamuzi wa 1935 ulikuwapo? Kwa sababu wajumbe wa juri walichaguliwa kutoka orodha ya wapiga kura, na Weusi wa huko walizuiwa kupiga kura kwa vitisho na kwa mitego ya sheria. Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Asiyekuwa na kura hakuwa na kiti katika juri, na asiyekuwa na kiti hakuwa na haki. Ndiyo maana waliopigania Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, iliyopitishwa 1965, walikuwa pia wanapigania mahakama.

Maskini wa rangi yoyote naye alingoja sana. Mwaka 1961 Clarence Gideon, Mzungu fukara wa Florida, aliomba wakili akakataliwa, akafungwa miaka 5. Akiwa gerezani akaiandikia Mahakama ya Juu kwa kalamu ya risasi. Mwaka 1963 majaji wote 9 wakakubali kwamba asiye na fedha apewe wakili katika mashitaka makubwa. Kesi iliporudiwa, akashinda.

Leo hatari imehamia mahali pengine. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu yenyewe ilieleza kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho, na asilimia 94 katika majimbo, zilitokana na mshitakiwa kukiri kosa. Juri haikusikiliza neno. Mwendesha mashitaka humwambia mtu: "Kiri, upate miaka miwili, ukibisha, utapata kumi." Asiye na fedha ya dhamana, aliye rumande huku kazi yake inapotea, atabisha kwa nguvu gani? Jimbo la Illinois liliona ubaya huo, likafuta dhamana ya fedha mwaka 2023.

Sisi wa Afrika Mashariki twaijua hali hii. Katika Kenya ya mkoloni juri ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika alihukumiwa na jaji pamoja na wazee wa baraza ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Na mwaka 1960 Thurgood Marshall, wakili mweusi wa Marekani aliyeyajua vizuri mapungufu ya kwao, alikwenda London kuwasaidia wajumbe wa Kenya kuandika ulinzi wa haki katika katiba.

Basi ndugu zangu, tusibishane kama sheria ya Marekani ni nzuri au mbaya. Tuulize juu ya kila mahakama, ya kwao na ya kwetu: nani anaamua? Nani anamsemea maskini? Nani yumo rumande kwa kukosa fedha tu? Kila tawi la chama limteue mtu wa kwenda mahakamani kila wiki, akae barazani, asikilize, aandike majibu ya maswali hayo na kuyaleta mkutanoni. Kazi hiyo haihitaji digrii. Yahitaji daftari, kalamu na moyo wa kutochoka.