Viza imetoka, mkataba nani kausoma?

KUTOKA RANGI TATU
Na Zainabu Mkumba

Mbagala, Yombo na Tandika, ukisikia "fulani viza yake imetoka" ujue mtaa mzima umeshasikia. Binti huagwa, hushonewa dera jipya, mama yake hupokea pongezi sokoni, na wenzake wa vikoba huanza kumhesabu kuwa mtu mwenye uwezo. Leo naomba tuzungumzie karatasi nyingine, ile isiyopigiwa vigelegele: mkataba wa kazi. Kwa binti anayekwenda kufanya kazi za ndani Omani, Dubai au Saudia, viza humfikisha tu. Analala saa ngapi, analipwa kiasi gani, akitaka kuondoka anaondokaje, hayo yote yanategemea mkataba. Na katika nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni ambako binti ameondoka, mkataba huo hakuna aliyeuona.

Sina ugomvi na wanaoondoka, na siyapendi maneno ya wanaosema wasichana wetu wana tamaa. Amri ya Mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimwekea mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi, na wapo waliolipwa chini ya hapo. Ng'ambo ya pili, ubalozi wetu Muscat uliwahi kuweka kima cha chini cha riali 80 za Omani kwa mfanyakazi wa nyumbani Mtanzania. Hizo ni kama dola 208, karibu nusu milioni ya hapa. Kazi ni ileile, kupika, kufua, kulea na kupiga deki. Mama mwenye watoto watatu na chumba cha kupanga Chamazi, akiziweka hesabu hizo mbili pamoja, hahitaji dalali wa kumshawishi.

Tena Muscat si ugenini mtupu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi zenye asili ya Omani ziliondoka Unguja, na Sultani Qaboos aliposhika madaraka Omani mwaka 1970 zikafunguliwa mlango wa kurudi huko. Mpaka leo zipo nyumba kule ambamo bibi husema Kiswahili safi cha Unguja. Kwa hiyo binti wa Mbagala huambiwa kwamba anakwenda kwa watu wanaomwelewa, na mara nyingine ni kweli.

Lakini kusikilizana lugha hakuondoi sheria ya nchi. Viza ya kazi za ndani katika nchi za Ghuba imefungwa kwa mwajiri aliyeiomba, anayeitwa kafili. Yeye ndiye mdhamini wa ukaazi wako. Ukitoka nyumbani kwake bila ridhaa yake anaweza kukuripoti kuwa umetoroka, na kuanzia hapo wewe uliyekuwa unadai mishahara ya miezi unageuka mkosaji wa uhamiaji, wa kukamatwa na kurudishwa kwenu. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyotokana na mazungumzo na wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi za ndani Omani na Falme za Kiarabu. Karibu wote walisema pasipoti zao zilichukuliwa na waajiri au mawakala. Walieleza kazi ya tangu alfajiri hadi usiku wa manane, wiki zisizo na siku ya mapumziko, mishahara pungufu ya waliyoahidiwa, na kwa wengine vipigo na udhalilishaji wa kingono. Waliotaka kurudi nyumbani waliambiwa kwanza walipe gharama ambazo mwajiri alitumia kuwaleta.

Nimewasikia watu wakisema Uarabuni kote ni kumoja. Si kweli, na kutojua tofauti hizo kunawaumiza watu wetu. Sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2022 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko kwa wiki, saa 12 za kupumzika kwa siku ambazo 8 kati yake ni za mfululizo, likizo ya siku 30 kwa mwaka, na haki ya kukaa na pasipoti yake mwenyewe. Inakataza pia kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri. Qatar iliweka kima cha chini cha riali 1,000 kwa mwezi kuanzia Machi 2021, na wafanyakazi wa nyumbani wamo. Omani ilipotunga sheria yake mpya ya kazi mwaka 2023, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya sheria hiyo. Kwa anayekwenda Omani, basi, kila mstari wa mkataba una uzito wa ziada. Mabinti wawili wanaweza kutoka Charambe wiki moja, mmoja akaenda Sharjah na mwenzake Muscat, na haki zao zisifanane, na wote wawili wasijue.

Kuna jambo jingine ambalo natamani lisemwe kila kona, misikitini, makanisani na kwenye vijiwe vya kahawa. Viza ya matembezi si viza ya kazi. Wapo wanaopelekwa Dubai kwa viza ya matembezi wakiambiwa "itabadilishwa ukifika." Pengine inabadilishwa, pengine haibadilishwi. Siku zake zikiisha, faini ya ukaazi huanza kuhesabiwa juu ya kichwa cha mgeni. Mwaka 2024 Falme za Kiarabu zilipandisha faini ya anayeajiri mtu asiye na kibali cha kazi ikawa kati ya dirham 100,000 na milioni moja. Mwajiri mwenye nia njema hawezi kujiingiza kwenye hatari hiyo ili tu apate mpishi. Anayekuita kwa viza ya matembezi amekwisha kukuonyesha jinsi anavyoitazama sheria, na hujapanda hata ndege.

Sasa nije kwenye fedha, maana mzizi wa mateso mengi uko hapo.

Miezi kadhaa iliyopita mama mmoja wa hapa Charambe, mtu mzima wa kunizaa, alinifuata na simu mkononi. "Mwanangu, wewe ndiye umesoma, hebu nitazamie karatasi hii," akaniambia. Ilikuwa picha ya viza ya Omani ya binti yake, ina jina na namba ya pasipoti. Nikamuuliza mkataba uko wapi. Akasema dalali kasema mkataba watampa hukohuko. Nikauliza wamelipa nini mpaka hapo. Akaanza kuhesabu: pasipoti, shilingi 150,000 pale Uhamiaji Kurasini, hiyo ni ada halali ya Serikali na ina risiti. Vipimo vya afya. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Halafu ikaja "ya usumbufu," halafu "ya kuharakisha," halafu ya mtu wa pili aliyeko Muscat ambaye hawajawahi kumwona wala kusikia sauti yake. Risiti ya hizo hakuna. Fedha yenyewe ilitoka wapi? Mkopo wa kausha damu.

Msomaji wa Temeke hahitaji kufafanuliwa kausha damu ni nini. Ni ule mkopo wa asubuhi unaodaiwa jioni, ambao kwa ajili yake akina mama wamenyang'anywa makochi na majiko ya gesi. Kwa hiyo binti huyu anaondoka akiwa amefungwa kamba pande mbili. Mwajiri wa kule anasema nimelipia viza na tiketi, huondoki mpaka zirudi. Na huku nyumbani mama anadaiwa kila siku, anampigia simu, "Vumilia mwanangu, tumalize deni." Binti akinyimwa mshahara miezi mitatu hathubutu kwenda ubalozini kwa sababu kurudi mikono mitupu maana yake ni mama kuuziwa vitu vya ndani. Tunasema kwa nini hawakimbii, kwa nini hawasemi. Deni ndilo linalowaziba mdomo, na sehemu kubwa ya deni hilo imekopwa hapahapa, kwa dalali na mkopeshaji tunaowajua kwa majina na mitaa wanayokaa.

Shirika la Kazi Duniani katika Mkataba wake namba 181 wa mwaka 1997 lilishaweka msingi kwamba mawakala wa ajira wasimtoze mtafuta kazi, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Gharama ni ya anayehitaji mfanyakazi. Kanada nayo inafuata msingi huo kwa kibali ambacho mwajiri huomba ili aajiri mtu kutoka nje: ada ya dola 1,000 za Kanada hulipwa na mwajiri, na ni marufuku kumrudishia mfanyakazi mzigo huo. Vijana wa Mwananyamala na Tandale mnaoombwa mtume "ada ya kibali cha Kanada" kwa simu, kumbukeni hilo kabla ya kuingiza namba ya siri.

Njia rahisi ambayo serikali hukimbilia ni kupiga marufuku. Kenya ilizuia mwaka 2014, Uganda ikawazuia wafanyakazi wake wa ndani kwenda Saudia mwaka 2016, na zote baadaye zikalegeza. Katazo halipunguzi njaa ya mtu. Anayezuiwa uwanja wa ndege wa Julius Nyerere hupanda basi mpaka Namanga na kuondokea Nairobi, na akifika anakofika hayumo katika daftari la mtu yeyote. Ufilipino ilichagua njia nyingine. Mwishoni mwa 2006 iliweka kima cha chini cha dola 400 kwa wafanyakazi wake wa nyumbani walioko nje na kukataza mawakala kuwatoza ada ya kutafutiwa kazi. Wafilipino nao wanateswa, sikatai. Ila mwenye mkataba uliosajiliwa kwao ana pa kuanzia anapodai, na wakala wake ana leseni inayoweza kufutwa.

Sisi hatukosi sheria. Ipo Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, ambayo inamtaka wakala awe amesajiliwa. Ipo Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya mwaka 2008. Ipo TaESA, ofisi ya Serikali ya huduma za ajira, na kipo chama cha wafanyakazi, CHODAWU, kinachowasemea wafanyakazi wa majumbani. Tatizo ni umbali. Dalali yuko mtaa wa pili, anakunywa chai na familia, anaitwa mjomba. Ofisi ya kukagua mkataba mama wa Charambe hajui hata iko barabara gani.

Ninachotaka ni kwamba mkataba usomwe hapa, kwa Kiswahili, mbele ya binti na mzazi wake, kabla pasipoti haijatoka mkononi mwake. Kata zetu zina maofisa maendeleo ya jamii. Ndio wanaopokea maombi ya mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, wanakagua katiba za vikundi, wanahakiki majina, wanatembelea biashara moja moja. Mtu anayeweza kukagua katiba ya kikundi cha batiki anaweza kufundishwa kukagua mkataba wa kurasa nne: jina la mwajiri na anwani yake, mshahara, siku ya mapumziko, nani analipa tiketi ya kurudi, pasipoti inakaa kwa nani, na kama wakala yumo katika orodha ya waliosajiliwa. Nakala moja ibaki kata, moja iende TaESA, moja ipelekwe kwenye ubalozi wetu wa nchi husika. Binti akipiga simu kutoka Salalah analia, kuwe na karatasi ya kuanzia.

Najua nitajibiwa kwamba kazi hii ni ya wizara, si ya halmashauri. Asilimia 10 nayo ni agizo la sheria ya nchi, na halmashauri ndizo zinazoitekeleza. Nitajibiwa pia kwamba mabinti wengi watapita pembeni. Watapita baadhi. Lakini mama aliyekuja kwangu na simu alikuwa anatafuta mtu wa kumsomea, na alikuja kwangu kwa sababu hakujua pengine pa kwenda.

Wewe ambaye viza yako iko njiani, usilipe hata shilingi isiyo na risiti. Dai mkataba uupate ungali hapa, usomewe kwa lugha unayoielewa, na uache nakala kwa mtu wako pamoja na picha ya pasipoti, jina kamili la mwajiri na namba ya ubalozi. Dalali akisema mkataba utaukuta huko, usiondoke. Na wakurugenzi wa Temeke na Kinondoni, madawati ya kukagua mikataba yanaweza kufunguliwa bila kusubiri jengo jipya wala ajira mpya, kwa sababu maofisa wapo na ofisi za kata zipo.