Paka Hahongwi, Paka Hulipwa

Kuna uongo mmoja unaopendwa sana katika ploti za Nairobi, nao ni huu: paka hafunziki. Mbwa, sawa. Kasuku, labda. Lakini paka? Paka ana kiburi, paka ni mwizi, paka ana mambo yake, wachana naye. Wanaosema hivi husema kwa uhakika wa mtu aliyefanya utafiti wa miaka, kumbe utafiti wenyewe ulikuwa kumrushia paka patipati mara tatu na kumwona amerudi mezani mara ya nne.

Mimi nabisha. Paka hufunzika, tena upesi. Wagumu kufunzika ni sisi tunaomfunza.

Nianze na ushahidi wa kejani kwangu. Naishi na paka jike aitwaye Shombo, jina alilolipata kutokana na harufu aliyokuja nayo. Shombo huja nikimwita. Huketi nikiinua kidole. Hunipa gota kwa mguu wa mbele wa kulia. Huingia mwenyewe kwenye kikapu chake cha safari, akageuka, akangoja nifunge mlango. Hakuna uchawi hapo. Amefunzwa kwa kuku wa kuchemsha, vipande vidogo kama punje ya ndengu, dakika tano kila jioni kabla hajala. Wageni wakimwona husema mambo mawili, na yote mawili hunichoma.

La kwanza: "Huyu wako si paka wa kawaida." Yaani paka akishindwa, hiyo ndiyo tabia ya paka; akiweza, huyo ni muujiza. Ukiwaza hivyo huwezi kukosea hata siku moja. Shombo ni paka wa kawaida kabisa, wa mistari, aliyezaliwa nyuma ya kibanda cha chipo.

La pili: "Si unamhonga tu!"

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo, kwa sababu Mkenya akitaja hongo anataja kitu anachokijua. Chai. Kitu kidogo. Ya macho. Hongo ina sura yake. Hutolewa ili mtu aache wajibu wake ama apindishe haki ya mwingine. Hutolewa kwa kificho. Makanga hampi askari mia mbili kwa sababu askari amefanya kazi safi. Anampa ili asiifanye.

Sasa niambie, Shombo amepindisha haki ya nani? Paka hana wajibu wa kuketi. Hakusaini mkataba popote kwamba atanyoosha mguu nikikunja ngumi. Nimemwomba kazi isiyo yake, ameifanya, nimemlipa papo hapo, mchana kweupe. Hiyo mtaani tunaiita mshahara. Na sisi tunaofanya vibarua vya kuandika na kuchora, tuliowahi kungoja hela yetu siku 90 huku tukiambiwa "fedha zinashughulikiwa", tunafaa kuwa watu wa mwisho kumcheka mfanyakazi anayelipwa ndani ya sekunde moja.

Hiyo sekunde moja si utani, ndiyo siri yote. Paka huunganisha malipo na kile alichokuwa akifanya wakati ule ule. Ukichelewa kidogo, amekwisha kugeuka kujilamba, na umemlipa kwa kujilamba. Ndiyo maana wafunzaji hutumia sauti fupi isiyobadilika kuwa ahadi ya malipo. Wengine wana kidude maalum. Mimi natumia kalamu ya biro, ile ya kubonyeza. Kwanza unabonyeza, tk, unampa kipande. Tk, kipande. Unarudia mpaka akisikia tk anageuka kukutazama. Sasa mna lugha.

Halafu mweke kidole mbele ya pua. Paka ni mdadisi, atakinusa. Pua ikigusa tu: tk, kipande. Sogeza kidole kidogo; akikifuata: tk, kipande. Kumketisha, shika kipande juu ya pua yake kisha kipeleke polepole nyuma kuelekea masikioni. Kichwa kikipanda, matako hushuka yenyewe. Yakigusa sakafu: tk. Usimsukume kiuno, usimshike. Gota nayo ni hivyo hivyo: ficha kipande ndani ya ngumi, ngoja. Atanusa, atalamba, atachoka, kisha atagusa kwa mguu. Tk! Fungua ngumi. Acha kabla hajachoka, akiwa bado anataka zaidi.

Chagua mshahara kwa akili pia. Usimpe mandazi ukashangaa hana haja nayo. Paka hasikii utamu wa sukari, chembe ya urithi ya kuuonja ilishaharibika katika ukoo wao mzima. Maziwa tuliyozoea kuwawekea kwenye kisahani huwaharibu tumbo wengi wao wakishakua. Kitunguu ni sumu kwao. Omena mmoja uliyemchemsha bila chumvi, ukamkatakata vipande vinne, ni somo zima la jioni.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba haya si mapya. Mwaka 1898, kijana aitwaye Edward Thorndike wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alichapisha utafiti juu ya akili za wanyama. Aliwafungia paka wenye njaa ndani ya masanduku ya mbao, akaweka samaki nje. Mlango ulifunguka paka akivuta kitanzi ama akikanyaga kibao fulani. Mara ya kwanza paka alihangaika, akauma, akakwaruza kila kitu hadi akagusa kitanzi kwa bahati. Akatoka, akala. Aliporudishwa ndani tena na tena, muda ukapungua, mpaka mwishowe alienda kwenye kitanzi moja kwa moja. Kutokana na mahesabu hayo Thorndike alitunga kanuni ya matokeo: tendo linaloleta jambo la kuridhisha hurudiwa. Awali aliamini pia kwamba adhabu hulifuta tendo kwa nguvu sawa na ile ambayo tuzo hulijenga. Kufikia miaka ya 1930 alikuwa ameirekebisha kauli hiyo, maana majaribio yake yalionyesha adhabu haina nguvu hiyo.

Soma hapo tena. Mmoja wa misingi ya sayansi ya kufunza kwa tuzo ulijengwa juu ya mgongo wa paka, miaka mingi kabla ya panya wa Skinner. Zaidi ya karne moja baadaye, bado tunaambiana eti paka hafunziki! Na mwaka 2019 watafiti wa Japani walionyesha kwamba paka wa nyumbani hutofautisha jina lake na maneno mengine yenye urefu na mdundo kama huo. Kwa hiyo ukimwita asije, usidhani hajui kuwa ni yeye. Amesikia. Amepiga hesabu. Hajaona faida ya kuja, na labda mara ya mwisho alipokuja alipigwa.

Na hapa ndipo paka anatuumbua. Paka wa nyumbani ni mzao wa paka mwitu wa Afrika, mnyama ambaye hadi leo yupo katika mbuga zetu, na ambaye huwinda peke yake. Hana kundi, hana kiongozi wa kumnyenyekea. Mbwa ukimpiga, mara nyingi atajikunyata na kurudi kuomba msamaha asioujua, na wewe utadhani umemfunza. Paka ukimpiga hujifunza jambo moja tu, kwamba wewe ni hatari. Ataendelea kupanda mezani ukiwa kazini. Atakojoa chini ya kitanda badala ya kwenye mchanga wake, kwa sababu ulimkuta mchangani ukamshika kwa nguvu. Kisha utasema ni mkaidi. Manze, mkaidi ni nani hapo? Aliyebadilisha mbinu baada ya kuona haimfai, ama aliyerusha patipati ile ile kwa miaka mitatu?

Najua nitaambiwa nina wakati mwingi wa kuchezea. Watu hawana unga, wewe unampa paka kuku. Nasema: kipande cha ndengu, bana, tena nakikata kutoka kwenye chakula chake mwenyewe cha jioni, siongezi hata shilingi. Nitaambiwa pia haya ni mambo ya Wazungu. Paka wamezurura Lamu, wakilala juu ya mabaraza na kungoja matumbo ya samaki kwa wavuvi, kabla babu wa anayenisuta hajazaliwa. Kumtazama mnyama kwa makini ukajua anataka nini si jambo lililoletwa na meli. Muulize mchungaji wa ng'ombe yeyote anayeita mifugo yake kwa mluzi.

Halafu kuna gharama ya kusema "hafunziki", na gharama hiyo hulipwa na paka. Paka asiyefunzika hutupwa. Huwekwa kwenye gunia, likafungwa mdomo, akabebwa kwa pikipiki hadi sokoni, eti huko hatakosa panya. Nimeliona gunia hilo likitikisika, na aliyelishika alikuwa mtu mpole, mtu wa kanisa, hana ubaya na mtu. Alikuwa tu ameamini ule uongo. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama inakataza kumpiga mnyama kikatili, lakini sheria haingii jikoni kuona mwiko ukipaa.

Fikiria pia kile kikapu. Mtu akikuona ukimfunza paka kuingia kikapuni anacheka, anadhani ni sarakasi. Basi mwambie ajaribu kumpeleka paka asiyefunzwa kwa daktari wa mifugo kwa matatu. Atarudi na mikono iliyochanwa, na paka bila chanjo. Serikali imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Ugonjwa huo, licha ya jina lake, huwapata paka pia, nao wanaweza kumwambukiza mtu kwa kumuuma. Paka anayeingia kikapuni kwa hiari yake ni paka anayechanjwa. Mchezo wa dakika tano umegeuka kuwa afya ya ploti nzima.

Lakini hasira yangu haiishii kwa paka, na nisipolisema hili nitakuwa nimezunguka mbuyu. Muulize mwalimu yeyote aliyesomea saikolojia ya elimu kama anamjua Thorndike. Anamjua, alimjibia mtihani. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia marufuku hiyo. Sasa muulize mtoto yeyote wa mtaani kwenu kama kiboko kilisikia habari hizo. Bado tunakariri kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na tukisikia mtoto anapewa nyota ya karatasi kwa kusoma vizuri tunasema anahongwa. Neno ni lile lile tunalomtupia Shombo. Tumezoea kuamini kwamba somo lisilouma si somo, na kwamba anayefurahi akijifunza anatudanganya.

Sisemi mtoto ni paka. Nasema kinyume chake. Mtoto unaweza kumweleza, ukamuuliza, akakujibu. Paka huwezi kumweleza lolote. Una kipande cha kuku, kalamu ya biro na macho yako tu. Ikiwa kwa vitu hivyo vitatu kiumbe asiyejua hata neno moja la lugha yako anaweza kufunzwa kuja, kuketi, kusalimu na kuingia kikapuni bila kuguswa kwa ubaya, basi sisi wenye lugha, wenye shahada, wenye vyuo vya ualimu, tuna kisingizio gani?

Paka ni mtahini mkali kwa sababu hawezi kutishwa akajifanya ameelewa. Mtoto atanyamaza na kuitikia "ndiyo, mwalimu" huku hajaelewa kitu. Mfanyakazi atacheka utani wa bosi. Paka hana adabu hiyo. Ukimfunza vibaya ataondoka, mkia juu, na alama ya sifuri ni yako wewe. Ndiyo maana watu hawampendi mtahini huyu, na ndiyo maana wanasema hafunziki.

Wewe mwenye paka, usinibishie kwa mdomo. Jioni ya leo, kabla hujaweka sahani chini, kata kipande kidogo cha nyama. Tafuta biro. Keti sakafuni, maana paka hapendi kusimamiwa kama mshtakiwa. Nyoosha kidole kimoja mbele ya pua yake, kisha nyamaza. Atakuja. Pua ikigusa, mlipe, tena mlipe upesi. Ukifika kesho kutwa na bado hajajifunza kitu, usimlaumu. Angalia ulichelewa wapi.