Karatasi ya Njano: Vile Matokeo ya Seneti ya 1963 Yaligeuzwa Bila Mtu Kurudi kwa Debe

Siku ya kura huwa unapewa karatasi sita. Ya rais unaijua hata ukiwa usingizini. Gavana umemtusi mtandaoni miaka mitano, MCA anaishi mtaa wenu, na mbunge ndiye mnamfuata na stori za basari. Alafu kuna ile ya njano, ya seneta. Hiyo wasee wengi huangalia chama tu, wanaweka alama, wanatumbukiza, wanahepa.

Kabla ya Agosti 2027 ifike, wacha nikuchanue na stori ya Seneti ya kwanza ya Kenya. Ilichaguliwa Mei 1963, pengine kabla hata mzae wako azaliwe. Matokeo yake yalikuwa moto sana. Miaka mitatu na nusu baadaye, Seneti yenyewe ilikuwa imezikwa, na hakuna mwananchi aliulizwa.

Nani alipata nini

Mwingereza alikuwa bado hajafunga virago, lakini uhuru ulikuwa kwa kona. Mwezi huo watu walichagua vitu vitatu: mabunge ya majimbo, Seneti, na Bunge la Wawakilishi. Timu kubwa zilikuwa mbili. KANU ya Jomo Kenyatta, Oginga Odinga na Tom Mboya ilitaka serikali moja yenye nguvu, inayoendeshwa kutoka Nairobi. KADU ya Ronald Ngala, Daniel arap Moi na Masinde Muliro ilitaka majimbo yenye nguvu zao, kwa sababu iliogopa jamii kubwa zitameza ndogo.

Na usidhani KADU walikuwa malaika. Walowezi wengi wazungu pia walipenda hiyo stori ya majimbo, na si kwa sababu walikuwa wanajali jamii ndogo.

Kwa Bunge la Wawakilishi, KANU iliwatandika KADU zaidi ya maradufu. Kenyatta akawa waziri mkuu tarehe 1 Juni. Lakini cheki Seneti. Viti vilikuwa 41, kimoja kwa kila wilaya, na Nairobi na chake. KANU ikapata 18. KADU ikapata 16. Waliobaki walikuwa wa vyama vidogo na wagombea binafsi, na viti vitatu vya kaskazini mashariki vikabaki wazi kwa sababu Wasomali wa huko walisusia kura, wakitaka kujiunga na Somalia.

Mbona nchi ni moja, mwezi ni mmoja, na matokeo ni mawili tofauti hivyo? Kwa sababu Bunge la Wawakilishi lilihesabu watu, na Seneti ilihesabu wilaya. Wilaya kavu yenye watu wachache ilikuwa na seneta mmoja, sawa tu na wilaya iliyofurika watu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Seneti: wachache wasikanyagiwe na wengi.

Na walipewa meno. Kubadilisha katiba kulihitaji asilimia 75 ya kila nyumba. Ukitaka kugusa mambo mazito kama majimbo au Seneti yenyewe, ulihitaji asilimia 90 ya maseneta. Piga hesabu: asilimia 90 ya 41 ni watu 37. Maseneta watano wakisema zii, form imekufa. KADU walikuwa na 16.

Kwa karatasi, majimbo yalikuwa salama kabisa.

Kilichofanyika baada ya kura

KANU hawakuhitaji kushinda uchaguzi mwingine. Walihitaji kubadilisha mioyo, na serikali ina njia nyingi za kubadilisha moyo wa mhesh. Ina vyeo. Ina pesa za maendeleo. Ina ile sentensi ambayo hadi leo bado unaisikia: "Watu wangu hawawezi kaa upinzani."

Kwa hivyo wakaanza kuvuka, mmoja mmoja. Kufika 1964, serikali ilikuwa inataka jamhuri na rais mwenye nguvu, na ikatisha kwenda kura ya maamuzi kama Seneti ingekaza. Haikuhitajika. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ikajivunja na wote wakaingia KANU. Mwezi mmoja baadaye Kenya ikawa jamhuri. Moi, aliyekuwa mwenyekiti wa KADU, akawa waziri Desemba hiyo hiyo, na kufika Januari 1967 alikuwa makamu wa rais.

Sasa fikiria wewe ndiye ulipanga laini Mei 1963, ukapigia KADU kura ya seneta ili jimbo lako liwe na sauti. Miezi 18 baadaye, huyo seneta wako ako upande ule ulimtuma akapinge. Hakuna mtu alikuuliza. Hakuna uchaguzi mdogo uliitwa. Ile 18 kwa 16 ikawa historia tu.

Alafu sheria ikageuka

Hapa ndio utashika rada vizuri. Aprili 1966 Oginga Odinga alitoka KANU, akaenda KPU pamoja na wabunge na maseneta kadhaa. Safari hii watu walikuwa wanahama kutoka serikali kwenda upinzani. Unajua nini kilifanyika? Sheria ikapitishwa mbio mbio, mwezi huo huo: ukihama chama kilichokupeleka bungeni, kiti kimeenda, rudi kwa wananchi.

Viti 29 vikarudi kwa debe Juni 1966, vikiwemo 10 vya Seneti. KPU ikaambulia tisa pekee, na viwili tu kati ya hivyo vilikuwa vya Seneti.

Weka hizo mbili kando kwa kando. Ukivuka kwenda serikalini, unakaribishwa na chai. Ukivuka kutoka serikalini, unaambiwa urudi kwa mwananchi. Kanuni yenyewe haikuwa mbaya. Shida ni kwamba iliamka siku ambayo ilifaa upande mmoja.

Mwisho wa 1966 Seneti ikaunganishwa na Bunge la Wawakilishi, na maseneta wenyewe wakakubali. Mbona wakubali kufunga nyumba yao? Kwa sababu hakuna aliyeenda nyumbani. Yale maeneo 117 ya bunge yaliongezewa 41, yakawa 158, na kila seneta akapata mahali pa kukaa kama mbunge bila kuomba kura upya. Uchaguzi mkuu uliofuata ulikuwa Desemba 1969, na kufika hapo KPU ilikuwa imepigwa marufuku. Ukapiga kura ukiwa na chama kimoja.

Hiyo nyumba ilirudi kupitia katiba ya 2010, na maseneta wakachaguliwa tena 4 Machi 2013. Karibu miaka 50 tangu ile kura ya kwanza.

Kwa nini hii ni stori yako sahii

Leo tuko na maseneta 47 wa kuchaguliwa na 20 wa kuteuliwa. Ndio hubishana kuhusu pesa za kaunti, ambazo katiba inasema zisipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. Ndio huamua kama gavana aliyeng'olewa na MCAs anaenda nyumbani ama anabaki. Oktoba 2024 ndio walimng'oa Rigathi Gachagua, naibu wa rais, kwa mashtaka matano kati ya 11. Hiyo karatasi ya njano ilikuwa ndani ya hiyo chumba usiku huo.

Na kuhama? Kifungu cha 103 cha katiba kinasema ukitoka chama chako, kiti kinabaki wazi. Iko poa kwa karatasi. Lakini mhesh mjanja hahitaji kutoka. Anabaki na kadi ya chama mfukoni, kura yake inaenda kwingine. Ama chama chote kinasogea na yeye ndani. ODM iliomba kura 2022 ikiwa Azimio, ikipambana na UDA. Julai 2024, baada ya Gen Z kujaza barabara, watu wake wakateuliwa kuingia baraza la mawaziri. Tarehe 7 Machi 2025, Raila Odinga na William Ruto wakaweka sahihi ya vyama vyao kufanya kazi pamoja. Unaweza kusema ilituliza nchi, na kuna wengi wanaamini hivyo. Lakini yule msee alipigia seneta wa upinzani kura ili akae upinzani, yeye hakuulizwa. Kama tu yule wa 1963.

Kwa hivyo mgombea wa useneta akija mtaani kwenu na muziki na tisheti, usimuulize tu atajenga nini, maana seneta hajengi barabara. Muulize hivi. Chama chako kikiingia serikalini kesho, wewe utasimama wapi? Pesa za kaunti zikipunguzwa na rais ni wa upande wako, utapiga kura gani? Gavana ni beshte yako, utamkagua?

Kama tayari yuko kwa kiti, ni rahisi zaidi. Kura zake za miaka mitano ziko kwa rekodi za bunge, na hazijafichwa. Zitafute kwanza, kabla hujaingia kwa laini.