Kimo kisimpangie mwigizaji nafasi

Mkazi wa Kihesa, Iringa, aliyekua akitazama filamu za Nigeria hahitaji kuelezwa Aki na Ukwa ni nani. Filamu yenye jina hilo ilipotoka mwaka 2002, waigizaji wake wenye kimo kifupi walikuwa watu wazima: Osita Iheme alikuwa na miaka 20 na Chinedu Ikedieze 24, lakini walicheza watoto watukutu. Waliimudu kazi, na mwaka 2011 serikali ya Nigeria ikawatunuku nishani. Hata hivyo, kwa miaka mingi waliendelea kupewa nafasi za watoto. Hapo ndipo penye kasoro: watunzi walikiona kimo, wakamsahau mtu mzima.

Wapo watakaosema watazamaji wanataka kucheka, na kwamba nafasi hizo ndizo zilizowapa riziki. Ni kweli, na kuchekesha ni kazi ya heshima. Lakini riziki haipaswi kuwa na mlango mmoja. Mwigizaji Peter Dinklage wa Marekani, aliyezaliwa na akondroplasia, hali inayofupisha mifupa ya mikono na miguu, aliigiza katika filamu The Station Agent ya 2003 kama mpenda treni aliyerithi stesheni iliyotelekezwa, akitembea peke yake kwenye reli. Baadaye tamthilia ya Game of Thrones ikampatia tuzo 4 za Emmy. Watazamaji hawakumkimbia.

Simulizi kama hiyo ya stesheni ingefaa kabisa stesheni ya reli ya TAZARA Mbeya. Tena, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 inakataza ubaguzi kazini. Waandaaji wa filamu wa Iringa na Mbeya waanzie kwenye skripti: mwenye kimo kifupi awe hakimu, mwalimu, mchumba.