Simu haijui ladha ya managu

Mvua imepiga, na kwenye kale kashamba kako nyuma ya ploti kumechipuka kitu ambacho hukupanda. Unatoa simu, unapiga picha, programu inakutajia jina kwa sekunde mbili. Poa. Lakini usikitie sufuriani bado.

Mmea wa managu na ule wa datura ni wa ukoo mmoja, na yote miwili hupenda udongo wenye samadi. Ikiwa michanga, majani tu, hata simu ya bei hubabaika. Mmoja ni mboga, mwingine ni sumu, hasa mbegu zake. Hukausha mdomo, hutanua mboni, mtu akaanza kuweweseka, na unaweza kuua. Mwaka wa 2019 kule Karamoja, Uganda, unga wa msaada uliochanganyika na mbegu za datura uliua watu watano na kuwaacha mamia wagonjwa.

Kwa hivyo ngoja maua. Managu hutoa viua vidogo vyeupe kama nyota, kisha vitunda laini kwa vishada. Datura hutoa ua refu kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Fikicha jani lake uone linavyonuka, halafu nawa mikono, tafadhali.

Kisha muulize shosho au mama mboga wako, maanake hao wameyachuma miaka yote. Ukitaka jina la kisayansi, Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi yana hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa. Beba tawi lenye ua na tunda.

Ila pia using'oe kila kitu ovyo, buda. Terere unayonunua sokoni hujiotea bure hapo kwako.