Kumtoa mzee wa ekipe: ni vizuri?

Besiboli, ule mchezo wa fimbo na mpira mdogo wa Marekani, kwetu hauchezwi, lakini ubishi wake tunaujua. Tarehe 31 Agosti 2017 ekipe ya Detroit ilimtoa Justin Verlander, mtupaji wake tangu 2005, ikapewa na Houston vijana watatu. Alikuwa na miaka 34, mkono ungali na nguvu. Juu ya nini kumtoa mtu anayefaa?

Sisi wa mwaka wa sita, ambao viti vyetu vitakaliwa na wengine, tunasema Detroit ilifanya vema. Mwaka ule ilishindwa mara 98. Mtu anayetupa siku moja katika tano atainua peke yake nyumba iliyoanguka? Tena hakufukuzwa: aliulizwa, akakubali, na mwaka uleule akawa bingwa pamoja na Houston.

Kweli, kijana mmoja hakuichezea Detroit hata mechi moja ya ligi kubwa, na 2019 ilishindwa mara 114! Walingoja sana. Lakini Oktoba 2024 Detroit iliitoa Houston kwa mechi mbili, na mdakaji wake alikuwa Jake Rogers, mmoja wa wale watatu. Verlander, miaka 41, Houston haikumweka hata katika orodha.