Daftari la Mwalimu Sontonga



Pale Tunduma mpaka ni jambo la hatua chache tu. Upande wetu watoto wa shule huimba Mungu Ibariki Afrika. Ng'ambo, kule Nakonde, watoto wa Zambia nao husimama wima na kuimba wimbo wa taifa lao, na sauti ni ile ile, ila maneno ni mengine, tena ya Kiingereza. Mgeni akisikia atauliza: Nani amemwiga mwenzake?

Hakuna. Tanganyika iliupokea wimbo huo ilipopata uhuru mwaka 1961, na Zambia mwaka 1964, na wote wawili tuliupata kwa mtu wa tatu. Jina lake Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misioni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Aliutunga mwaka 1897, akafariki mwaka 1905.

Mwalimu huyu aliziandika nyimbo zake kwa mkono katika daftari, kwa herufi za do, re, mi, kama wafanyavyo walimu wetu wa kwaya hata leo. Alipofariki, daftari liliazimwa na watu, leo huyu, kesho yule, mpaka likapotea. Basi hakuna awezaye leo kufungua ukurasa na kusema, "Hivi ndivyo alivyoandika mwenyewe."

Je, twajuaje basi lililo lake na lisilo lake? Twajua kwa kulinganisha mashahidi waliobaki. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliuimba mjini London katika sahani ya santuri, piano ikimsindikiza. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba. Mtu akishika kitabu chenye beti zote atadhani ni kazi ya mtu mmoja. Akitazama miaka atatambua kwamba ubeti wa kwanza na kiitikio ni vya Sontonga, na zilizofuata ni za Mqhayi. Ndivyo kila mmoja apatavyo haki yake.

Msidhani kwamba hasara ya namna hii hutupata sisi peke yetu. Karibu kila mtoto anayejifunza piano hupiga kipande kidogo cha Beethoven kiitwacho Für Elise. Beethoven alifariki mwaka 1827, na kipande hicho kilipigwa chapa mwaka 1867, miaka 40 baadaye, na mtu aitwaye Ludwig Nohl, aliyesema amekinakili kutoka karatasi ya Beethoven mwenyewe. Karatasi hiyo nayo imepotea! Katika chapa ya Nohl mna mahali ambapo noti moja imeandikwa hivi mara ya kwanza, na maneno ya muziki yakirudi imeandikwa vingine. Ni kosa, au ndivyo alivyotaka mtungaji? Wapiga piano wanabishana mpaka leo. Hata jina Elise wengine hulitilia shaka, wakisema huenda Nohl alisoma vibaya mwandiko, na mwanamke yule aliitwa Therese.

Sasa turudi nyumbani. Kabati la kwaya, liwe la Vwawa, la Mlowo au la Ileje, huwa na madaftari na karatasi za nyimbo zilizonakiliwa mara nyingi. Kila anayenakili aweza kukosea. Kistari cha kurefusha kikiachwa, sauti iliyopasa kushikwa mapigo mawili inakatwa kwa moja. Kialama kidogo cha chini ya herufi kikififia katika fotokopi, besi wanapanda badala ya kushuka. Baada ya miaka kumi kosa limekuwa mazoea, na anayeimba sawasawa ndiye anayeambiwa amepotea.

Lakini baya zaidi ni jina la mtungaji, kwa sababu huandikwa pembeni, na pembeni ndipo karatasi inapochanika kwanza. Kaburi la Sontonga lilisahauliwa kwa miaka mingi, hata mwaka 1996 ndipo lilipotangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa la Afrika Kusini. Mataifa yalikuwa yakiuimba wimbo wake, na yeye amelala bila kujulikana alipo.

Basi, ndugu mwalimu wa kwaya, fanya mambo machache. Kila wimbo unaonakili, andika chini yake jina la mtungaji, mwaka, na daftari ulilonakili. Ukiona nakala mbili hazilingani, usichague inayokupendeza sikioni. Uliza ipi ni ya kwanza, na ipi imetoka kwa nyingine. Nakala kumi zilizotoka katika karatasi moja yenye kosa si mashahidi kumi, ni shahidi mmoja. Na kama mtungaji yu hai, mwendee na karatasi mkononi, umwulize, kwa maana kesho huenda asiwepo wa kuulizwa.

Daftari la asili usiliazimishe. Anayelihitaji na aje anakili hapo hapo mezani, mbele yako. Ataona ni ukali, lakini mtungaji hataona hivyo.